Wazazi Wapokelewe Stendi

Sisi wa Mandawa tukienda kumtembelea mtoto Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, safari ndefu haitutishi. Bodaboda hutufikisha Ruangwa mjini; basi hutuvusha Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, ambako kabla ya 2003 tulingoja kivuko. Hofu huanza tukishuka Stendi ya Magufuli, Mbezi. Hapo tunapanda daladala hadi Ubungo, kisha nyingine ya kuingia Mlimani. Bajaji nazo zipo, ila tupatane nauli kwanza.

Mama mmoja wa kigango chetu, asiyejua kusoma vibao, alikesha stendi na kapu lake la korosho. Mwanawe alikuwa amemtumia maelekezo kwa simu. Vijana wetu, nendeni wenyewe mkawapokee wazazi, tena bila haya.