Chungu Mlangoni pa Kilabu

Nyumba ya kinywaji hudharauliwa na wengi, lakini si kila aingiaye huingia kwa kiu. Mimi nimelelewa na mlango wa kilabu. Kwetu Lionja, msimu wa korosho ukifika, mabibo hukamuliwa, maji yake yakachachuka yakawa uraka. Mama hakuuza uraka. Aliuza chakula kando ya mlango: ugali wa muhogo, kisamvu cha karanga na ming'oko. Chungu hicho ndicho kilichonilipia ada. Shuleni nilipoulizwa kazi ya mama, nilijibu, "Mkulima."

Nilipokuwa London kwa masomo ya uzamivu, mwenzangu alinipeleka Kilburn, mtaa waliohamia Waayalandi wengi katikati ya karne ya 20. Katika kilabu chao cha siku nyingi watu walikula mchuzi wa kondoo na viazi, wakapeana habari za kwao na za kazi. Mpishi alisifiwa kwa jina lake mbele ya watu. Niliinamisha uso.

Nachingwea iliona mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ukianza 1947 na kuachwa 1951. Matrekta na reli havikuuokoa. Chungu cha mama kimedumu zaidi ya miaka thelathini, kwani kila siku humshibisha mtu aliyepo.

Likizo iliyopita nilikaa pale mlangoni nikila. Mgeni mmoja aliniuliza mpishi ni nani. Nilijibu kwa sauti, "Mama yangu." Mama hakusema neno, aliniongezea kisamvu.