Mishale Inayokosekana Kwenye Mchoro Wako

Kilema, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Mchoro wa mfumo mnaovitengenezea vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa nimeupata na nimeusoma kwa makini. Mkulima, chama, kiwanda cha kukoboa, mnada wa Moshi, mnunuzi. Kahawa inakwenda huku, fedha inarudi huku, na kila kisanduku kina thamani kinayoongeza. Umepangika vizuri, lakini thamani inapozaliwa sijapaona.

Tazama fedha kwanza. Umemchora mkulima kama mtu wa kupokea tu. Sisi tunapima kahawa ya maganda chamani, tunapewa malipo ya awali, kisha tunangoja mnada ndipo yaje malipo ya pili. Katika miezi hiyo mkulima ndiye anayekikopesha chama, na dhamana aliyo nayo ni kuwaamini wenzake. KNCU, muungano wetu wa ushirika hapa Kilimanjaro, ulioanza mwaka 1933 ukirithi kazi ya chama cha wakulima cha KNPA cha 1925, ulijengwa juu ya imani hiyo. Serikali ilipovunja vyama vya ushirika mwaka 1976, mibuni ilibaki na mizani ilibaki, ila imani ilikatika. Miaka ya 1980 vyama vikarudishwa kwa sheria, lakini imani hairudishwi kwa sheria. Kwa hiyo mkopo wa mkulima uonekane kwenye mfumo wako, na jina la kila anayengoja.

Jambo linaloniuma zaidi ni uonjaji wa kahawa. Kahawa mbivu isipomenywa siku ile ile huanza kuchacha. Ikianuliwa kabla haijakauka, huota ukungu. Chamani kahawa za nyumba nyingi huchanganywa zikauzwa kwa fungu moja. Uzembe wa nyumba moja unashusha fungu zima, na aliyeshinda kichanjani akigeuza kahawa yake analipwa bei ile ile ya aliyeiacha ikanyeshewa. Kiwandani wataipanga AA, A, B kwa ukubwa wa punje, lakini ukubwa si ladha. Waonjaji mjini hutambua kosa kwa kijiko kimoja, na neno lao humfikia mnunuzi. Huku mlimani hufika bei peke yake. Mwanangu, chora mshale kutoka meza ya waonjaji hadi kichanja cha mkulima, useme fungu lipi, kasoro gani, iliingia hatua gani. Mkulima akilijua hilo mapema, msimu unaofuata kahawa yake inabadilika, na hapo ndipo thamani inapoongezeka kweli. Asipoambiwa, atachoka, ang'oe mibuni apande nyanya, nami sitamlaumu.

Msimu ukianza, njoo ukae na karani wa mizani siku ya kupima, si siku ya mkutano. Mwulize anajuaje kahawa ya nani aikague mara mbili kabla ya kuichanganya na za wengine. Anajua, ila hajaandika popote, na mfumo wenu hauna mahali pa kuliweka jibu lake.

Ni mimi,
Shangazi yako