Watu wa Baraka, kwa baba na kwa mama

Juma hili tunawachukua njiani, kutoka Baraka mpaka Fizi. Safari ilianza na daftari la mtoto. Mwalimu aliwapa wanafunzi kazi ya kufanya nyumbani: andikeni makabila ya mji wetu, na mbele ya kila kabila mwandike idadi ya watu wake. Mmoja wetu alikaa na binti yake, wakaandika majina ya makabila, lakini walipofika kwenye idadi kalamu ikasimama. Siku ya kikao akatuletea daftari. "Wamama, nani anajua?" Tukatazamana. Kwa kuwa tulikuwa tunajitayarisha kupanda Fizi kumfariji mwenzetu aliyefiwa, tukasema tutafute jibu njiani.

Habari ya idadi ni fupi. Watu wa nchi yetu walihesabiwa wote mara ya mwisho mwaka 1984, wakati bado tunaitwa Zaire. Tangu siku ile vita vimepita, watu wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena, na watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana wajukuu. Hesabu tunazosikia leo ni makadirio. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba sisi ni asilimia hii na wale ni asilimia ile, muulize alihesabu lini na nani. Mara nyingi utakuta anatafuta kiti au shamba.

Asubuhi ile tulipitia kwanza ziwani, kununua samaki wa kupeleka matangani. Wavuvi walikuwa wanarudi, ndakala zinamwagwa kwenye mabeseni, mikebuka inapangwa pembeni. Ng'ambo ya ghuba tuliona Ubwari, ambako kuna Babwari na Bazoba, watu wa maji tangu zamani. Waingereza Burton na Speke walipita huku na mitumbwi mwaka 1858, wakaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Waliitazama kutoka majini, wakadhani imekatika na nchi kavu. Bibi zetu wangewaonyesha njia ya miguu, kama wangeulizwa.

Kutoka ziwani tukaingia sokoni. Pale Babembe ndio wengi, na hakuna anayebisha. Lakini hata Babembe, wazee wanasimulia kwamba walitoka magharibi, upande wa msitu, na ni ndugu wa Barega. Walipofika ziwani walikuta watu. Mama mmoja Mbembe ameketi na mawese yake. Pembeni yake kuna Mfuliiru mwenye maharage, kisha Mshi aliyeleta vitenge kutoka Bukavu, kisha Mbuyu aliyetoka kusini na unga wa mihogo. Wanabadilishiana noti, wanaangaliziana mizigo, wanagombana kuhusu kivuli. Lugha yao ni Kiswahili. Kililetwa huku zaidi ya miaka mia iliyopita na wafanyabiashara waliovuka ziwa kutoka Ujiji, na pamoja nacho ukaja Uislamu. Ndiyo maana mpaka leo Baraka kuna adhana na kengele, na kuna familia ambazo mama ni mkristo na shangazi anafunga Ramadani.

Halafu kuna wale tunaowaita watoto wa Nyarugusu. Mwaka 1996 wengi wetu tulivuka ziwa kwenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka ule ule. Kuanzia mwaka 2005 meli zilianza kuturudisha, tukashukia hapa Baraka na masufuria na magodoro. Watoto waliozaliwa kule walirudi wanasema "shikamoo" kwa sauti ya Tanzania, wenzao wakawacheka shuleni. Leo sauti ile imezoeleka. Na sisi tuliokuwa wakimbizi tumeona wengine wakikimbilia kwetu: tangu mwaka 2015 Warundi wako Lusenda, kwenye njia ya Uvira, na baadaye Mulongwe. Tunachota nao maji, na wamama wao wanalima kwa vibarua mashamba ya wamama wetu.

Motokari ilipoanza kupanda kuelekea Fizi, tulifungua daftari tena. Tukaona mstari ambao binti hakuandika. Hakuna aliyesema kwa muda, mpaka mkubwa wetu akasema: "Na Banyamulenge?" Wale wenye umri wanakumbuka maziwa na ng'ombe wakishuka kutoka milimani, na chumvi na vitambaa vikipanda. Wanakumbuka pia Septemba 1996, Banyamulenge walipouawa hapa Baraka na kule Lueba. Wanakumbuka mwisho wa mwaka 1998, watu wa Makobola walipouawa, wengi wao Babembe, wamama na watoto ndani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 imeandika mauaji yote mawili. Sisi tunayataja pamoja kwa sababu mama aliyelia Baraka na mama aliyelia Makobola wote walibeba mimba miezi tisa. Na kule juu, Minembwe na Itombwe, nyumba za pande zote zimeendelea kuchomwa miaka hii.

Kwa hiyo orodha ya makabila si mchezo. Kwa mwalimu ni somo. Kwa mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabara ni hukumu. Maneno ni yale yale: "Wewe ni wa nani?"

Tulifika Fizi mchana, tukalia na mwenzetu, tukapika. Usiku, wazee walipolala, tuliongea. Fizi ina kumbukumbu yake. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa vita vya Simba, mapadri Giovanni Didonè na Albert Joubert waliuawa hapa. Siku ile ile Vittorio Faccin na Luigi Carrara waliuawa Baraka. Tarehe 18 Agosti 2024 Kanisa liliwatangaza wenye heri kule Uvira, na hata sisi wa makanisa mengine tulienda kuona. Watatu walikuwa Waitalia. Lakini Padri Albert aliandikwa vipi? Baba yake, Ludovic Joubert, alikuwa askari Mfaransa aliyehamia kwenye ziwa hili na kupigana na wafanyabiashara wa watumwa. Vitabu vinamtaja sana yule kapteni. Mama yake alikuwa Agnes Atakaye, mwanamke wa huku huku ziwani. Waliomwona padri walisema ni chotara, Mzungu nusu. Mbona hawakusema Mwafrika nusu? Au, kwa kifupi, mtoto wa Agnes?

Hapo mwenzetu aliyefiwa akainua kichwa. Alikuwa hajasema kitu tangu jioni. Akasema: "Mume wangu alikuwa Mbembe, na watoto wangu ni Babembe. Mimi ni Mfuliiru. Mama yangu alikuwa Mvira. Kwenye daftari hilo mimi niko wapi?"

Hatukuwa na la kumjibu. Huku kwetu mtoto anafuata baba. Ndiyo desturi, na hatukuja kuibomoa. Lakini tulielewa kwamba daftari linahesabu akina baba peke yao, na nusu ya damu ya mji imebaki nje. Tukaanza kuulizana, mmoja mmoja, pale pale jikoni: baba yako, mama yako, bibi mzaa baba, bibi mzaa mama. Tulikuwa tisa. Kwa baba, tulikuwa na makabila matatu. Tulipowaita wamama na mabibi, yalifika manane, pamoja na bibi mmoja Mmanyema wa Ujiji, na bibi mwingine ambaye mjukuu wake alitaja kabila lake kwa sauti ndogo sana, akatazama mlango. Hatuliandiki hapa. Yeye mwenyewe atalitaja siku ambayo hatahitaji kutazama mlango.

Hatusemi kwamba kuoana kunazuia vita. Tungekuwa tunadanganya. Mwaka 1996 kulikuwa na wakwe, mashemeji na majirani waliokula sahani moja, na haikutosha. Tunasema tu kwamba anayemfundisha mtoto kuchukia kabila fulani amwulize kwanza bibi yake alitoka wapi. Katika mji huu wa bandari, jibu linaweza kumkalisha chini.

Tulirudi Baraka siku ya tatu. Binti amemaliza kazi yake. Sehemu ya idadi ameandika: "Hawajahesabiwa tangu 1984." Mstari uliokosekana ameuongeza, kwa herufi sawa na mingine. Na pembeni amechora safu mpya kwa rula, juu yake ameandika: "Kwa mama." Mwalimu bado hajasahihisha.

Wamama, jioni moja juma hili, baada ya bugali, waulizeni watoto wenu majina ya mabibi zao wote wawili, na walikotoka. Wasiojua, waambieni. Mkiona vema, mtuletee majibu siku ya kikao. Msipoona vema, yabaki nyumbani kwenu, lakini yajulikane.