Namba ya Watu wa Kisumu

Hesabu ni elimu inayoogopwa na wengi, lakini mwenye kuitazama kwa makini huona kuwa kila namba ina tabia zake, kama mtu alivyo na tabia zake. Chukua namba 1,155,574. Hii ndiyo idadi ya watu wa Kaunti ya Kisumu katika sensa ya mwezi wa Agosti 2019. Ndani yake wamo wachuuzi wa Kondele, wavuvi wa Dunga na wakulima wa miwa wa Muhoroni.

Kugawanya ni kama kupanga nyanya mafungu sokoni Kondele: mafungu yawe sawa, na nyanya isibaki hata moja. Namba yetu ni shufwa, kwa hiyo hugawanyika kwa 2. Haigawanyiki kwa 3, maana jumla ya tarakimu zake ni 28. Kwa 7 hugawanyika, na kila fungu huwa 165,082. Mwenye subira akiendelea ataona kuwa namba hii ni zao la 2 × 7 × 59 × 1,399. Kila moja ya hizo nne ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Wagiriki wa kale walizipanga namba katika matabaka matatu. Namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe ni timilifu, kama 6, ambayo ni 1 + 2 + 3. Jumla hiyo ikiizidi namba, namba ni zidifu. Isipoifikia, ni pungufu. Vigawo vya namba yetu vya namna hiyo ni 15, na jumla yake ni 860,426. Basi namba ya Kisumu ni pungufu. Lakini upungufu huo ni wa hesabu, si wa watu.

Sensa ile ilihesabu wanaume 560,942 na wanawake 594,609. Ukiwajumlisha, wanakosekana watu 23 kutimiza idadi. Hao ni huntha, waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kiume tu wala ya kike tu, ambao sensa ya Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza mwaka huo. Mwenye haraka aweza kusema kuwa watu 23 katika zaidi ya milioni ni tone la maji ziwani. Hesabu haikubali. Waondoe, ibaki 1,155,551. Namba iliyokuwa shufwa imekuwa witiri. 7 haiigawi tena, wala 59, wala 1,399. Jengo lote limeanguka, kwa kuwa 23 haigawanyiki kwa hata moja ya namba zile nne.

Kwa idadi ya watu hukadiriwa madarasa, zahanati na fedha za kaunti. Basi karani wa sensa abishapo hodi, na ahesabiwe kila aliyemo nyumbani: mzee aliye kitandani, mtoto mchanga, na yule ambaye jirani huona haya kumtaja. Namba isiyo na mmoja wao ni namba nyingine kabisa.