Hawafi kwa njaa

Tangu tutoe kile kipindi kuhusu wazee wetu na mambo wanayoyapenda, wengi mmeniuliza: hebu tuambie zaidi kuhusu samaki wa baba yako. Haya basi. Ila nawaonya, kuna darasa kidogo humu ndani.

Baba ni mtu wa Kigoma. Sebuleni kwake Birmingham ana tangi la samaki 18, wote Tropheus duboisi, aina ambayo kwa asili inapatikana Ziwa Tanganyika tu. Wakiwa wadogo ni weusi wenye nukta nyeupe. Wakikua nukta zinafutika, kichwa kinakuwa cha buluu na mkanda mweupe au wa manjano unazunguka mwili. Anasema Kigoma hakuna aliyekuwa na habari nao, watu walikuwa na dagaa na migebuka yao. Alikuja kuwaona kwenye kioo cha duka huku Uingereza, akasimama pale kama kaona jirani.

Kinachowaponza samaki hawa ni tumbo. Ziwani wanashinda wakikwangua mwani kwenye mawe, na utumbo wao ni mrefu kwa sababu ya chakula hicho. Ukiwapa vitu vizito, kama minyoo au moyo wa ng'ombe, wanaugua kirahisi. Samaki anaacha kula, anajitenga, kinyesi kinakuwa cheupe kama uzi, kisha tumbo linavimba na anahema haraka. Likishavimba, mara nyingi umechelewa. Kwa hiyo baba anawapa chakula cha spirulina, mara mbili tatu kwa siku, kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili. Basi. Wakiomba tena, na wataomba tu, anawapa mgongo.

Mwaka jana baba alipata kiharusi, akalazwa wiki 6. Shangazi akaja kutoka London kukaa na mimi. Shangazi yangu ni wale watu ambao mgeni hatoki kwao bila kula, na ukila sahani moja tu unaulizwa kama mboga ina kasoro. Hospitali manesi walimkataza kumpa kaka yake chochote mdomoni mpaka wapime kama anameza vizuri. Alikuwa amebeba uji kwenye chupa ya chai. Akarudi nao nyumbani.

Jioni ile akawaona samaki wamejipanga kwenye kioo, midomo inachezacheza. "Mwanangu, hawa wana njaa. Tutamwambia nini baba yako?" Nikamweleza habari ya utumbo, akaitikia. Kesho yake nikiwa kazini akaenda dukani, akanunua minyoo myekundu ya kugandishwa, akawakaribisha. Na kesho kutwa pia.

Ndani ya wiki watatu walianza kuumwa. Nikasimamisha chakula, nikawatenga, nikabadilisha maji, nikawapa dawa. Mmoja alipona, wawili wakafa. Shangazi alilia sana, na sidhani alikuwa analilia samaki.

Nilipomwambia baba, Kiingereza kilikuwa bado kimempotea, lakini Kiswahili kilikuwa kinarudi neno moja moja. Akasema, "Hawafi kwa njaa. Wanakufa kwa huruma." Akapumzika. Halafu: "Usimgombeze."

Sasa lile darasa. Kuzuia ugonjwa ni kazi ya maji kuliko dawa. Mabaki ya chakula na kinyesi hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina nafuu. Bakteria hao wanaishi kwenye sponji ya filta, kwa hiyo ioshe kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Ukiiosha bombani, klorini inawaua. Kila wiki badilisha robo ya maji, na hayo mapya uyatoe klorini kwanza. Maji ya Birmingham yanatoka milima ya Wales na ni laini mno, wakati ya Tanganyika ni magumu, pH karibu na 9. Ndiyo maana baba anayachanganya na bikaboneti ya soda na chumvi ya Epsom, anapima kwa kijiko kama mpishi wa shughuli.

Na samaki mpya akae tangi la peke yake wiki 4 kabla ya kukutana na wenzake. Ugonjwa wa madoa meupe huingia hivyo hivyo, na dawa yake haimuui kimelea akiwa ndani ya ngozi ya samaki. Inamwua akiwa anaogelea majini, kwa hiyo usiache dawa eti kwa kuwa madoa yamepotea.

Baba yuko nyumbani. Mkono wa kulia bado mzito, ndoo nabeba mimi, yeye anatoa amri kwenye kochi. Shangazi akija wikiendi ndiye anayelisha. Baba amempa kijiko kidogo kuliko vyote jikoni, na anamhesabia dakika kwa sauti. Mazoezi ya kuongea aliyopewa hospitali hayapendi, lakini hayo ya kumhesabia dada yake hajakosa hata mara moja.

Kama mzee wako naye ana kitu anachokifuga au kukipanda, muulize anakilishaje, na muulize kwa Kiswahili. Halafu tutumie sauti yake, tutaiweka kwenye kipindi kijacho.