Kuitunza Betri ya Kompyuta ni Kuitunza Amana



Huenda baadhi ya wasomaji wakastaajabu kutuona sisi, walimu wa chuo cha Qur'ani, tumeshika kalamu kuandika habari za betri ya kompyuta mpakato. Watasema: Hayo ni mambo ya mafundi, yana nini na dini? Twawaomba wasiharakishe kuhukumu, kwani yako mambo madogo ambayo ndani yake mna haki za watu.

Hapa kwetu Magoma, wilaya ya Korogwe, madrasa yetu ina kompyuta mpakato moja tu. Watoto wa marehemu mzee mmoja wa kijijini waliitoa iwe sadaka kwa ajili ya baba yao. Kwa chombo hicho wanafunzi husikilizishwa visomo vya maqarii, mitihani huandikwa, na majina ya watoto huhifadhiwa. Darsa la wakubwa huwa baada ya sala ya Magharibi, na umeme ukikatika saa hizo, darsa huendelea kwa nguvu za betri peke yake. Nasi sote twayajua mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) juu ya sadaka yenye kuendelea, ambayo thawabu zake hazikatiki kwa mauti. Basi siku chombo hiki kitakapowekwa kabatini kwa kuwa hakifai tena, twachelea tusije tukawa ndio tulioziba mfereji wa mtu aliye kaburini, naye hawezi kuja kutudai.

Kwa sababu hiyo tulijifunza habari za betri, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Betri za kompyuta za siku hizi ni za lithiamu. Zilianza kuuzwa mwaka 1991, na mwaka 2019 wataalamu watatu walioziasisi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Ndani yake chembe za lithiamu huhamia upande mmoja betri inapochajiwa, na hurejea upande wa pili tunapoitumia. Betri nyingi huundwa zivumilie mizunguko kiasi cha 300 hadi 1,000. Na mzunguko mmoja ni kutumia asilimia 100, hata ukitumia 50 leo na 50 kesho. Kwa hiyo kila betri huzeeka, na hapana awezaye kulizuia hilo. Lakini yako mambo matatu yanayouharakisha uzee huo: joto, kukaa imejaa muda mrefu, na kuishiwa kabisa.

Joto ndilo adui mkubwa, nasi wa nchi hii twalijua. Chumba chenye paa la bati lisilo na dari huwa kama tanuri wakati wa adhuhuri. Basi kompyuta isiachwe humo karibu na bati, wala dirishani penye jua, wala ndani ya gari lililofungwa. Kadhalika isiwekwe juu ya godoro au mto ikiwa inafanya kazi, kwani matundu yake ya kupumulia huzibwa na joto hubaki ndani. Iwekwe juu ya meza au ubao mgumu, na vumbi la matundu lipanguswe mara kwa mara.

Ama chaji, iliyo bora ni ya kati na kati. Ikishuka karibu na asilimia 20 ichajiwe, na ikifika 80 yatosha kwa kazi za kila siku. Kujaza hadi 100 si dhambi. Mtu ajaze anapojua kuwa atakuwa safarini, au umeme utakatika. Kinachodhuru ni kuiacha imejaa juu ya waya usiku na mchana, hasa penye joto. Kompyuta nyingi za sasa zina mahali pa kuiamuru chaji ikome kwenye 80, na anayefanya kazi mezani siku zote aitumie amri hiyo. Chombo kikiwekwa kwa muda mrefu, kama wakati wa likizo, kiachwe na chaji ya nusu, kizimwe kabisa, kisha kitazamwe kila baada ya miezi michache.

Tena iko njia ya kuifanya chaji ya siku moja idumu. Mwanga wa kioo ni mlaji mkubwa. Upunguzwe kwa kadiri ya macho. Programu zisizotumika zifungwe. Wi-Fi na Bluetooth zizimwe kama hazina kazi. Hali ya kuokoa chaji iwashwe mapema, isingojewe mpaka betri iko taabani.

Mwenye kompyuta ya Windows aweza kuipima betri yake. Katika dirisha la amri aandike powercfg /batteryreport, naye ataletewa taarifa yenye uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa leo. Tuseme ilikuwa 45,000 na sasa ni 36,000. Basi imebaki asilimia 80. Na betri ikivimba, isichajiwe tena, isitobolewe, wala isitupwe motoni au shimo la taka, kwani yaweza kuwaka. Ipelekwe kwa fundi anayeaminika.

Kijana mmoja wa darsa letu alitupinga kwa adabu. Alisema: "Maalim, vitu vimeumbwa vitumike. Betri ikifa, wazazi watachanga, tutanunua nyingine." Tulimjibu kuwa kutumia hakukatazwi, na chombo kisichotumika hakina faida kwa aliyekitoa. Lakini fedha ya kununua betri nyingine itatoka wapi? Itatoka katika mfuko ule ule unaowanunulia mayatima juzuu na sare. Iko madrasa moja jirani, jina lake twalisitiri, ambayo kompyuta yao haiwaki tena ila ikiwa juu ya waya; umeme ukienda, darsa limekwisha na watoto wanarudi makwao. Kijana yule alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni nani mwenye zamu ya kuitazama chaji. Tangu siku hiyo zamu ni yake.

Tena tukumbuke kuwa betri nyingi za namna hii zina madini ya kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya ulimwengu hutoka Kongo, pande za Kolwezi na Katanga, kwa watu wanaosema Kiswahili kama sisi. Wako wanaoyachimba kwa mikono, na katika hao wameonekana watoto, rika la hawa tunaowafundisha alifu na be. Betri inayotupwa kabla ya wakati wake huhitaji nyingine ichimbiwe.

Qur'ani Tukufu imetukataza israfu hata katika kula na kunywa, na wanavyuoni wetu hutuonya tusifuje maji hata tukitawadha penye mto. Aliyelelewa hivyo hataona uzito kuchomoa chaja kwa wakati wake.

Basi enyi wazazi, mnapowapa vijana wenu kompyuta au simu, msiwape maonyo ya yale wasiyoyatazame tu. Wafundisheni na kuitunza. Na enyi vijana, mkikabidhiwa chombo cha msikiti au cha madrasa, jueni kuwa nyuma yake yuko mtu aliyetoa akitaraji malipo kwa Mola wake. Kila mwaka mnaokiongezea chombo hicho, mwamwongezea yeye.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutimiza amana. Amin.

Wa billahi tawfiq.