Samaki wa Feri Tatu

"Mjomba, kwani hapa palikuwa na nini?"

Mpwa wangu alikuwa kwenye usukani, tukielekea Malindi, na nilikuwa nimemwomba apunguze mwendo tulipolipanda daraja la Kilifi. Ana miaka 24. Amelivuka daraja hili tangu akibebwa mgongoni, na ajuavyo yeye Mnarani na Kilifi ni mji mmoja wenye maji katikati. Nikamwonyesha chini, pale magari yalipokuwa yakiteremka kungojea feri. Alipogeuza macho, tulikuwa tumeshafika ng'ambo.

Hapo chini ndipo tulipokuwa tukila.

Baba alikuwa mchuuzi wa maembe. Msimu ukiingia, tulitoka Mombasa alfajiri na pikapu tupu, tukavuka daraja jipya la Nyali, lile la 1980, tukaipita Bamburi na vumbi lake la saruji, tukaipita Mtwapa, halafu Vipingo na mkonge wake uliopangwa mistari kwa mistari hadi jicho lichoke. Kufika Mnarani, lami iliteremka ghafla kuelekea majini na magari yakasimama. Baba alizima injini, akatazama foleni, akashuka bila neno na kukaza kikoi chake. Sisi watoto tulijua tunakula.

Hoteli ya ferini ilikuwa ya makuti, kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa, mabenchi yake yameng'arishwa na makalio ya abiria. Baba alisema aliikuta alipokuja na babu akiwa mdogo. Babu naye alisema aliikuta. Juu yake, kwenye mwamba, ni yale magofu ya Mnarani, mji uliokuwa na watu na misikiti yake tangu karne ya 14 hadi ya 17, na nikiwa mtoto niliamini kabisa kuwa watu wale nao walikuwa wakiteremka hapa kula.

Mzee mwenye hoteli hakuwa na saa wala karatasi ya bei. Alikaa mlangoni kwenye kigoda, kofia ya vito kichwani. Ukimbusu mkono na kumpa shikamoo, alikuitikia marahaba huku macho yake yako kwenye maji. Alihesabu magari yaliyokuwa mbele yetu, akaangalia feri iko wapi, kisha akatoa hukumu: "Nyinyi mna feri tatu." Chakula kilifuata hesabu hiyo. Feri moja ilikuwa chai ya tangawizi na viazi karai. Feri mbili, mahamri na mbaazi. Feri tatu, samaki wa kupaka na wali wa nazi. Nilikuwa nikiomba Mungu foleni iwe ndefu, na baba, mwenye safari yake, akiomba kinyume.

Samaki alikuwa changu au tafi, amepasuliwa mgongoni, amebanwa kwa vijiti, anaokwa juu ya makaa ya vifuu. Mke wa mzee alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, mguu mmoja ameukunja, machicha yakimwagika kwenye sinia. Tui la kwanza alilikamua kwa kifumbu, zito kama uji wa mtoto, akatia ukwaju, thomu, pilipili mbichi na chumvi. Upande mmoja ukiiva, ulipakwa. Samaki akageuzwa, akapakwa tena, akageuzwa, mara nne, mara tano, mpaka tui lifanye ngozi ya hudhurungi iliyopasukapasuka. Kila tone lililodondokea makaani lilipandisha moshi, ukaingia makutini, ukashuka kwenye nguo zetu. Jioni, nyumbani, mama alikuwa akilinusa shati langu na kusema, "Leo mlikuwa na feri tatu."

Siku hizi wanaita samaki wa kupaka hata yule aliyekaangwa asubuhi na kumwagiwa mchuzi wa manjano saa saba mchana. Yule amemwagiwa, hakupakwa. Naudhika kila ninapoletewa, na nitaendelea kuudhika.

Honi ya feri ikilia kabla hujamaliza, mzee hakukuharakisha. "Nenda nayo," alisema. Ukapanda na sahani yako ya bati yenye ukingo wa buluu, ukamalizia wali katikati ya maji, umesimama kati ya basi na lori, na mtu usiyemjua akikuombea ndimu kwa jirani yake.

Sitaki nidhaniwe nailia feri. Wakati wa kurudi, pikapu ikiwa imesheheni ngowe na boribo, foleni ilikuwa adui yetu. Siku moja feri iliharibika, tukakaa juani tangu adhuhuri hadi magharibi, na baba akatupa matenga matano yaliyokuwa yameanza kutoa maji. Hospitali nayo ilikuwa upande wa Kilifi. Mgonjwa wa Takaungu alingojea feri kama sisi tulivyongojea, na yeye hakuwa akingojea samaki.

Ndiyo maana Wajapani walipoanza kujenga daraja, baba alisimama kila safari kutazama nguzo zilipofika. Nilidhani lilifunguliwa 1990. Dada yangu ameshika 1991, na yeye ndiye aliyepatia. Basi na iwe 1991. Safari ya kwanza ya darajani, baba alifika Mombasa kabla ya alasiri na kuuza mzigo wote. Safari ya tatu alilalamika kuwa njaa inamshika njiani. Tulipoteremka ferini tulikuta mabenchi yamepandishwa juu ya meza na meko baridi. Baba alipiga hodi mara tatu.

Baada ya hapo sina mengi. Wauza korosho waliwafuata abiria barabarani. Pikapu iliuzwa, baba akafariki, Kilifi ikawa makao makuu ya kaunti, matatu zikaongezeka na bodaboda zikajaa. Sasa barabara ya kutoka Mombasa inapanuliwa, na vibanda vingi nilivyovizoea vimeshaondoka.

Siku ile, mimi na mpwa wangu tulikula kwenye kituo cha mafuta: kuku na chipsi ndani ya kijisanduku. Yeye alikula mkono mmoja kwenye usukani. Chakula kilikuwa cha moto, sitakisingizia, lakini hakuna aliyetutazama usoni tangu kuagiza hadi kulipa.

Wakati wa kurudi, bila kuniuliza, alikata kona kushuka ferini. Mteremko wa zamani bado upo, unaingia majini kama zamani, umeota mwani. Vijana wawili walikuwa wakivua kwa mishipi. Mpwa wangu akavua viatu, akasimama maji yakimfika vifundoni, akatazama ng'ambo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Mjomba, na zile sahani? Ukishavuka nazo, zilirudi vipi?"

Nikamwambia. Mabaharia walizikusanya feri ilipotia nanga, wakazisuuza kwa maji ya chumvi, wakazipanga kwenye kikapu nyuma ya mlingoti wa honi. Zilirudi na feri ileile, na kabla gari la kwanza halijateremka, kijana wa hoteli alikuwa ameshaziruka kamba kuzichukua, maana jikoni walikuwa wakizingojea wapakue wali wa wengine.